Rada Isiyofunga Mdomo

Rada zingealikwa karamuni, ile ya mawimbi mfululizo ingekalishwa karibu na mlango, pale wageni wanapovua viatu. Nguvu yake ndogo, vipuri vyake vichache, na ile iliyo sahili kabisa haiwezi hata kukuambia kitu ilichokiona kiko umbali gani. Sifa huenda kwa dada yake, rada ya mapigo, ile yenye antena inayozunguka na kioo chenye mstari wa kijani unaofagia giza. Ila nilipokaa kuandika nani ana rekodi gani katika ukoo huu, jina la aliyekaa mlangoni lilijirudia hadi nikacheka: ya kwanza kuiona ndege, ya chini kupita zote, nyingi kupita zote, ya mbali kupita zote. Nimezikusanya hapa. Sikuzipa nafasi sawa, kwa kuwa hazilingani utamu.

Siri ya honi

Rada ya mapigo hupiga ukelele mfupi, hunyamaza, kisha husikiliza, kama mtu anayeita ng'ambo ya bonde na kuhesabu muda mpaka mwangwi umrudie. Hii nyingine hainyamazi. Inatoa wimbi moja bila kukata, na antena ya pili inasikiliza papo hapo huku ya kwanza ikiendelea kusema. Mwangwi wa mlima uliosimama ukirudi, utautambuaje wakati unafanana kabisa na sauti yako mwenyewe? Hutautambua. Kitu kikisogea ndipo kinapojifichua.

Aliyewahi kusimama kando ya barabara kuu anaijua honi ya basi la mkoani: likija, mlio ni mwembamba na mkali, likishapita, unashuka na kuwa mnene. Dereva hakubadilisha kitu. Basi linapokuja linayabana mawimbi, na linapoondoka linayanyoosha. Christian Doppler alitoa hesabu ya jambo hilo mjini Prague mwaka 1842, na mwaka 1845 Mholanzi Buys Ballot akaipima kwa njia ambayo kwangu inashika taji la jaribio la fizikia lenye burudani kupita yote: aliwapandisha wapiga tarumbeta kwenye garimoshi, akawapanga kando ya reli wanamuziki wenye masikio makini, na kuwauliza noti imepanda kiasi gani.

Chukua rada ya gigahezi 10, yaani mawimbi bilioni 10 kwa sekunde. Gari linaloijia kwa kilometa 100 kwa saa litaupandisha mwangwi kwa hezi 1,850 hivi. Ndege ya kilometa 900 kwa saa, hezi 16,700 hivi. Ndani ya bilioni kumi, hiyo ni punje ya chumvi baharini. Lakini ukilichanganya wimbi linalotoka na lile linalorudi, yale mabilioni yanafutana na kubaki tofauti tupu, nayo ni mlio ambao sikio la binadamu linaweza kuusikia. Ukiunganisha spika, kasi ya gari inakuwa mluzi. Sijui njia nyingine ya kupima kasi iliyo nyepesi kuliko hiyo.

Popo wa jamii ya Rhinolophus, ambao wapo Afrika Mashariki pia, wanaujua mchezo huu bila kusoma. Wanapiga mlio mrefu wa noti moja, na wakiruka kuelekea kitu wanaushusha kidogo ili mwangwi urudi kwenye noti ile ile ambayo masikio yao yameumbwa kuisikia vizuri zaidi. Wanatumia sauti wala si redio, kwa hiyo taji hatuwapi.

Ya kwanza, na haikutumwa

Mwaka 1922, A. Hoyt Taylor na Leo Young wa jeshi la majini la Marekani walikuwa wakijaribu mawasiliano ya redio kuvuka mto Potomac, mtambo ng'ambo moja na kipokezi ng'ambo ya pili. Meli ya mbao iliyoitwa Dorchester ikapita katikati, na sauti kwenye kipokezi ikaanza kupanda na kushuka. Wangekuwa mafundi wa kawaida wangeitukana meli na kusubiri ipite. Wao waliandika kwa wakubwa kwamba manowari zikisimama mbalimbali zinaweza kutumia jambo hilo kugundua adui usiku au kwenye ukungu. Wakubwa hawakulichangamkia.

Miaka minane baadaye, Juni 1930, mwenzao Lawrence Hyland alikuwa akihangaika na antena uwanjani. Kila mara kipimo chake kilipotikisika bila sababu, akitazama juu alikuta ndege inapita. Hiyo ndiyo inayohesabiwa kuwa mara ya kwanza ndege kugunduliwa kwa redio, na lilikuwa wimbi mfululizo, halikuwa na pigo hata moja ndani yake. Hyland baadaye aliiongoza kampuni ya Hughes Aircraft.

Ya kuazima

Rekodi ya rada iliyogharimu kidogo na kuzaa makubwa naipa asubuhi ya tarehe 26 Februari 1935. Wakuu wa anga wa Uingereza walikuwa wameuliza kama redio inaweza kutengeneza mwali wa kuua rubani. Arnold Wilkins alipiga hesabu akaona haiwezekani, lakini hesabu ile ile ikaonyesha kwamba ndege inaweza kurudisha mwangwi unaopimika. Yeye na bosi wake Robert Watson-Watt hawakuwa na mtambo wa kurusha mawimbi. Wakaazima wa BBC, ule wa mawimbi mafupi ya meta 49 uliokuwa Daventry ukirusha matangazo kama siku zote.

Walileta gari dogo, wakasimika antena mbili shambani, na kuzifunga kwa namna ambayo wimbi lililokuja moja kwa moja kutoka Daventry lilijifuta lenyewe. Kilichobaki ni kile tu kilichogonga ndege kikarudi. Ndege ilikuwa Heyford ya mabawa mawili, ikienda na kurudi angani. Nukta kwenye kioo ikanyooka na kutikisika, na iliendelea kutikisika ndege ikiwa umbali wa maili 8, karibu kilometa 13. Ikawa imethibitika.

Baada ya hapo Waingereza waliyaacha mawimbi mfululizo, wakajenga minara yao ya pwani, Chain Home, kwa mapigo. Walikuwa na haki: walihitaji kujua adui yuko umbali gani, na Daventry haikuweza kusema. Mkaa mlangoni alifungua mlango, wageni wakaingia, wakamsahau.

Ya chini kupita zote

Hapa nitakaa, kwa sababu hapa ndipo rada hii inapogusa maisha ya kila anayepanda ndege.

Ndege inapotua, chumba cha marubani kinajaa sauti inayohesabu kinyumenyume kwa Kiingereza: hamsini, arobaini, thelathini, ishirini, kumi. Hizo ni futi kutoka magurudumu hadi lami. Abiria aliyekaa nyuma haisikii. Anayehesabu ni altimita ya redio, rada ya mawimbi mfululizo iliyofungwa tumboni mwa ndege ikitazama chini.

Kwa nini kazi hii isifanywe na rada ya mapigo ya kawaida? Pigo la sehemu moja ya milioni ya sekunde lina urefu wa meta 300 angani. Ardhi ikiwa chini ya meta 150, mwangwi unarudi kabla mdomo haujafungwa. Rada ya namna hiyo huwa kipofu pale pale rubani anapoihitaji zaidi. Na ile altimita ya kawaida inayopima kanieneo ya hewa inakuambia uko juu ya bahari kiasi gani. Kama mbele yako kuna kilima, hilo ni shauri lako.

Lakini nimeshasema kwamba wimbi mfululizo halijui umbali. Kweli, likiimba noti moja. Mfikirie mwimbaji wa taarabu anayepandisha sauti taratibu bila kukata pumzi, mbele yake kuna ukuta. Mwangwi unapomrudia umebeba noti ya chini kidogo, ile aliyokuwa akiiimba kitambo, na yeye ameshapanda. Ukuta ukiwa mbali, noti mbili hizo zinapishana sana. Ukiwa karibu, zinakaribiana. Basi fanya hesabu: mtambo unapanda megahezi 100 ndani ya sehemu tano za elfu za sekunde. Ndege ikiwa meta 300 juu, wimbi linakwenda na kurudi kwa sehemu mbili za milioni za sekunde, na ndani ya muda huo mtambo umeshapanda hezi 40,000. Ndege ikifika meta 3, tofauti ni hezi 400 tu. Ndege inashuka na mlio unashuka nayo, mpaka magurudumu yaguse.

Njia hii ilianza kwa kupima juu sana kabla haijapima chini. Tarehe 11 Desemba 1924, Edward Appleton na Miles Barnett waliutumia mtambo wa BBC wa Bournemouth, baada ya vipindi kumalizika usiku, wakabadilisha masafa yake taratibu na kusikiliza wakiwa Oxford. Walipata kwamba tabaka la anga linalorudisha mawimbi ya redio liko juu karibu kilometa 100. Appleton alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1947. Mwaka huo huo wa 1924, Mmarekani Lloyd Espenschied alibuni altimita ya redio kwa ndege, lakini Bell Labs walihitaji miaka 14 kuifanya iwe kifaa cha kufungwa kwenye ndege. Kilionyeshwa New York mwaka 1938. BBC, utaona, imetoa mitambo kwa rekodi mbili katika orodha hii bila kukusudia hata moja.

Leo altimita hizi zinafanya kazi kati ya gigahezi 4.2 na 4.4, nguvu yao ni kama wati moja au chini ya hapo, na katika ndege za abiria kwa kawaida zinaanza kusema kuanzia futi 2,500 kushuka. Taa ya kusomea kitabu inakula zaidi. Kwa wati hiyo moja ndege inaweza kutua yenyewe. Kutua kwa kwanza kwa otopailoti kwenye ndege ya biashara yenye abiria waliolipa nauli kunahesabiwa kuwa kule kwa Trident ya shirika la BEA, kutoka Paris kwenda Heathrow, tarehe 10 Juni 1965. Watafiti wa Kiingereza waliotumia miaka mingi kuutayarisha mfumo huo walilazimika kwanza kupata altimita inayotofautisha futi mbili karibu na ardhi, maana otopailoti inayonyanyua pua futi kumi mapema inaidondosha ndege, na ikichelewa futi kumi inaipigiza.

Altimita hii ndiyo pia inayolisha kengele ya ardhi, ile inayomfokea rubani anyanyue ndege. Mhandisi Don Bateman aliitengeneza na kuiboresha kwa miongo. Tarehe 1 Desemba 1974 ndege ya TWA iligonga kilima Virginia na kuua wote 92, na mamlaka ya anga ya Marekani, FAA, ikaamuru ndege kubwa za abiria zifungwe kengele hiyo. Ukiniuliza ni kifaa gani cha rada kilichookoa abiria wengi zaidi, nitakitaja hiki bila kusitasita, ingawa aliyeokolewa kwa kutogonga mlima hawezi kuhesabiwa.

Kosa la futi nane

Sifa zikizidi, na aibu itajwe. Tarehe 25 Februari 2009, Boeing 737-800 ya Turkish Airlines ilikuwa ikiteremka kuelekea Schiphol, Amsterdam. Ikiwa futi 1,950 juu, altimita ya redio ya upande wa kushoto ilidai kwamba ndege iko futi nane chini ya sifuri. Namba hasi si kichekesho katika altimita hizi: zimepangwa zisome sifuri magurudumu yanapogusa ndege ikiwa imenyanyua pua, hivyo ikishalala sawasawa juu ya lami zinaweza kusoma chini ya sifuri kidogo. Kwa mashine, basi, futi hasi nane maana yake ni tumeshatua.

Mfumo unaoendesha nguvu za injini ulikuwa ukiiamini altimita ya kushoto, ukapunguza injini kama inavyopasa kwa ndege inayogusa lami. Altimita ya kulia ilisema kweli, na otopailoti iliyoisikiliza ikaendelea kunyanyua pua ili isipoteze njia ya kutua. Mkono mmoja unakata moto, wa pili unavuta pua juu. Marubani walipotanabahi, kasi ilikuwa imekwisha na mabawa hayabebi tena. Ndege ilianguka shambani, karibu kilometa moja na nusu kabla ya njia ya kutulia. Kati ya watu 135, tisa walikufa, wakiwemo marubani wote watatu waliokuwa mbele. Uchunguzi ulionyesha kwamba kasoro ile ile ilikuwa imejitokeza mara mbili katika safari nane za nyuma.

Ugomvi wa majirani

Januari 2022 wati ile moja ya altimita ilisimamisha safari za kimataifa. Kampuni za simu za Marekani zilikuwa zimenunua masafa ya 5G kati ya gigahezi 3.7 na 3.98. Altimita zinaanzia 4.2. Kwenye karatasi kuna uwazi wa kutosha, ila altimita nyingi zilitengenezwa enzi ambayo jirani yao alikuwa setelaiti, mpole anayenong'ona kutoka mbali, na hakuna aliyehangaika kuziba masikio kwa upande ule. Sasa jirani mpya alikuwa anakuja na mnara mrefu kando ya uwanja.

Siku ya kuwasha mitambo ilipokaribia, Emirates ilitangaza kusimamisha safari zake kwenda viwanja tisa vya Marekani. Msafiri wa Dar au Mombasa aliyekata tiketi ya Houston kupitia Dubai angejikuta amekwama njiani kwa sababu ya kifaa ambacho hajawahi kukisikia jina. Kampuni za simu zikakubali kuchelewesha minara iliyo karibu na viwanja, safari zikarudi ndani ya siku chache, na kazi ya kubadilisha au kuziwekea vichujio altimita za zamani ikaanza.

Nyingi kupita zote

Ukiulizwa rada gani imetengenezwa kwa wingi zaidi katika Vita vya Pili vya Dunia, utafikiria za ndege au za manowari. Jibu ni iliyoingia kwenye kiganja: fyuzi ya ukaribu, iliyofungwa kwenye pua ya risasi ya mzinga. Zilitengenezwa zaidi ya milioni 22.

Tatizo lilikuwa hili. Kuipiga ndege kwa mzinga ni kama kurusha jiwe kwa shomoro anayeruka. Kumgusa ni bahati. Afadhali risasi ilipuke ikiwa jirani. Zamani mpiga mzinga alikisia sekunde ngapi ipite kabla ya kulipuka, na akikosea nusu sekunde, fataki tu. Waingereza walikuwa na wazo la kuipa risasi rada yake yenyewe, wakalipeleka Marekani mwaka 1940, na kundi la Merle Tuve likalifanyia kazi. Risasi nzima ikawa antena. Inapoikaribia ndege, wimbi lake na mwangwi vinapigana, mlio unakua, na mlio ukifika kiwango fulani, inalipuka.

Sasa jaribu kuweka redio ya valvu za kioo ndani ya kitu kinachorushwa na baruti. Msukumo mdomoni mwa mzinga unafikia mara 20,000 ya uzito wa kawaida. Walizitengeneza valvu ndogo zilizovumilia, na betri wakaifanyia ujanja ambao bado unanifurahisha: maji yake ya asidi yaliwekwa kwenye kichupa cha kioo, na ule msukumo ambao ungeharibu kila kitu ndio uliokivunja kichupa na kuiwasha betri.

Januari 1943 manowari ya USS Helena, karibu na Guadalcanal, iliangusha ndege ya Kijapani kwa fyuzi hizi, mara ya kwanza vitani. Kwa muda mrefu zilikatazwa kutumika juu ya nchi kavu, adui asije akaokota moja isiyolipuka na kuisoma. Bei ilikuwa dola 732 kwa moja mwaka 1942. Kufika 1945 ilikuwa dola 18. Rada ya dola 18, inatumika mara moja, maisha yake ni sekunde chache. Hapa naandika rekodi mbili kwa mkupuo: nyingi kupita zote za vita hivyo, na ya maisha mafupi kupita zote.

Ya makopo ya kahawa

Vita hivyo hivyo, kampuni ya Grumman ya Marekani ilitaka kujua kwa nini magurudumu ya ndege aina ya PBY Catalina yanaumia wakati wa kutua. Hizi ni zile ndege za kutua majini ambazo ndugu zake zilitia nanga Kipevu, Mombasa, zikiwinda nyambizi katika Bahari ya Hindi. Baadhi yake zilikuwa na magurudumu pia. John Barker na Ben Midlock walichukua makopo ya kahawa, wakayafunga kwa risasi ya kulehemu, wakatengeneza rada ya Doppler, na kuiweka mwishoni mwa njia ya ndege ikitazama juu. Ndege ikipita, rada inasema inashuka kwa kasi gani.

Vita vilipokwisha waliigeuza ikatazama barabara. Mwaka 1947 polisi wa jimbo la Connecticut waliijaribu Glastonbury, na Februari 1949 wakaanza kuandikia watu faini. Ndiyo, tochi. Trafiki wa Chalinze aliyejibanza nyuma ya mwembe akiwasubiri wanaopita kijijini zaidi ya hamsini ameshika kitukuu cha kifaa cha ndege. Tochi nyingi siku hizi zinapiga leza, si redio, lakini ukoo ni ule ule na maneno ya dereva ni yale yale.

Kupita bahari, kusimama hewani

Haya mawili nitayapitia haraka. Ndege ikipiga mihimili mitatu au minne chini, mingine mbele, mingine nyuma na pembeni, na kulinganisha milio inayorudi, inajua kasi yake halisi juu ya ardhi na upepo unaisukuma upande gani. Mpango huo wahandisi waliuita Janus, mungu wa Kirumi mwenye nyuso mbili. Jeti za miaka ya 1960 zilivuka Atlantiki hivyo, bila setelaiti na bila mtu wa kupima nyota. Helikopta za kuwinda nyambizi ziliutumia kusimama palepale juu ya bahari usiku wa giza. Adui wake mkubwa hakuwa dhoruba. Bahari ikilala shwari kama kioo, mawimbi ya redio yaliteleza juu yake yakaenda zao, hakuna mwangwi.

Kwenye makombora sifa yake ni kumwona anayejificha chini. Ndege inayoruka kimo cha minazi huzama kwenye mwangwi wa ardhi. Rada inayosikia vinavyosogea pekee inaisahau ardhi. Mfumo wa HAWK ulioingia jeshi la Marekani mwaka 1959 ulijengwa juu ya hilo. Ndege za F-4 Phantom nazo zilimulika shabaha kwa wimbi mfululizo ili kombora la Sparrow lifuate mwangwi, na rubani alilazimika kuendelea kumwelekezea adui pua ya ndege mpaka kombora lifike. Kazi ya kumulika panya kwa kurunzi huku mwenzako akimfuata na fimbo.

Yenye nguvu nyingi

Kwa nini rada hizi ni dhaifu kwenye ndege? Kwa sababu ya mdomo wake mwenyewe. Anayesema bila kunyamaza hujiziba masikio, na pua ya ndege haina nafasi ya kutenganisha mdomo na sikio. Ukiongeza nguvu unaongeza uziwi. Hii ndiyo sababu ndege za kivita ziligeukia mapigo yaliyochanganywa na Doppler.

Nje ya ndege, dawa ni umbali. Katika Lake Kickapoo, Texas, Wamarekani walijenga antena ya urefu wa kilometa zipatazo tatu, ikatoa kilowati 768 mfululizo, mchana na usiku, kwa masafa ya karibu megahezi 217. Wasikilizaji wake waliwekwa mamia ya kilometa huko, katika mstari uliokatiza kusini mwa nchi kutoka Georgia hadi California. Ulikuwa ukuta usioonekana angani, na kila setelaiti iliyoupita ilijiandikisha. Ulidumu tangu mwanzoni mwa miaka ya 1960 hadi ulipozimwa mwaka 2013.

Ya mbali kupita zote

Chombo cha Apollo kilichoshuka mwezini kilikuwa na rada ya kampuni ya Ryan, waliokuwa wamebobea katika rada za helikopta. Mihimili mitatu ya kupima kasi, mmoja wa kupima kimo, yote mawimbi mfululizo. Tarehe 5 Februari 1971, Alan Shepard na Edgar Mitchell wa Apollo 14 walikuwa wakishuka na rada imegoma kabisa. Kanuni ilisema wazi: bila rada kufika futi 10,000, mnarudi. Houston wakawaambia wafanye lile ambalo kila fundi wa redio Kariakoo angewaambia: zima, washa. Wakavuta swichi ya umeme, wakairudisha. Rada ikaamka kabla hawajafika kimo hicho, na Shepard akatua karibu na shabaha kuliko safari nyingine yoyote ya Apollo.

Mwezi, lakini, ni jirani. Mwishoni mwa 2001 na tena 2002 wanasayansi waliielekeza rada ya Arecibo, Puerto Rico, ile ya sahani ya meta 305, kwenye Titan, mwezi mkubwa wa Zohali. Waliimba noti moja, wakanyamaza baadaye, wakasubiri. Mwangwi ulirudi baada ya kama saa mbili na robo.

Tarehe 14 Januari 2005 chombo cha Huygens kikaingia anga la Titan hiyo hiyo. Kilikuwa na altimita mbili za redio, karibu gigahezi 15, za wimbi mfululizo linalopanda na kushuka noti, kwa hesabu ile ile ya ndege ya Dash 8 inapotua Bukoba. Kilishuka kwa parachuti kwa saa mbili na nusu hivi, kupitia ukungu wa rangi ya chungwa ambao kamera hazikuona ardhi ndani yake mpaka kimekaribia, na muda huo altimita zilikuwa zikihesabu kimo. Hakuna chombo kilichotua mbali zaidi ya pale. Chini kulikuwa na mchanga wenye unyevu na mawe ya barafu, yamelainika kama kokoto za mtoni.